Thomas Harriot: Bingwa wa hisabati aliyewatangulia wengi, sifa zikawaendea wengine

KILA mwanafunzi wa hisabati huzifahamu zile alama mbili zinazoonyesha nambari ipi ni kubwa na ipi ni ndogo, moja ncha yake ikielekea kushoto na nyingine kulia. Ni wachache mno, hata miongoni mwa walimu, wanaolijua jina la mtu ambaye kitabu chake ndicho kilichokuwa cha kwanza kuzichapisha.

Mtu huyo ni Thomas Harriot, Mwingereza aliyezaliwa karibu mwaka wa 1560 na kuaga dunia mnamo 1621. Hata kitabu hicho chenyewe hakukiona kwa macho yake, maana kilitoka mnamo 1631, miaka 10 baada ya kuzikwa kwake.

Harriot aliuchora mwezi kwa msaada wa darubini kabla ya Galileo Galilei wa Italia. Aliigundua kanuni ya kupinda kwa mwanga takriban miaka 20 kabla ya Willebrord Snell wa Uholanzi, ambaye jina lake ndilo linalotajwa madarasani hadi leo. Hata hivyo, katika uhai wake wote alichapisha kitabu kimoja tu, nacho hakikuwa cha hisabati.

Wahenga walinena kwamba akiba haiozi. Maisha ya Harriot yanaonyesha kuwa akiba ya elimu ikifungiwa sandukuni huenda isioze, lakini humkosesha mwenyewe haki yake na kuwachelewesha wale ambao wangefaidika nayo.

Kijana wa Oxford

Hakuna mengi yanayojulikana kuhusu utoto wa Harriot. Alijiunga na St Mary Hall katika Chuo Kikuu cha Oxford mnamo Desemba 1577, na katika daftari la chuo baba yake akaandikwa kuwa mtu wa tabaka la kawaida. Alipata shahada yake mnamo 1580, kisha akaelekea London kutafuta riziki.

Enzi hizo, mtu asiye na ukoo wala mali hakuweza kuishi kwa elimu pekee. Alihitaji mfadhili. Harriot alimpata Sir Walter Raleigh, mmoja wa watu waliopendwa sana na Malkia Elizabeth I, ambaye alimwajiri karibu mwaka wa 1583 awafundishe manahodha wake.

Kazi hiyo ilikuwa ya kufa na kupona. Nahodha aliyekosea kupima kimo cha jua au cha Nyota ya Kaskazini alijikuta mbali na bandari aliyoikusudia, na mara nyingine alizipeleka roho za watu wake miambani. Harriot alivichunguza vifaa vyao, akazirekebisha jedwali walizozitumia na kuwaandikia kitabu cha mafunzo alichokiita Arcticon.

Kitabu hicho hakikuchapishwa, na nakala yake imepotea. Hiyo ilikuwa dalili ya kwanza ya mambo ambayo yangemwandama maisha yake yote.

Kuna mfano mwingine wa mapema. Gerardus Mercator alikuwa amechora ramani ya dunia mnamo 1569 ambayo iliwawezesha mabaharia kuifuata dira kwa mstari mnyoofu, lakini hakueleza hesabu iliyoihimili. Harriot aliitafuta hesabu hiyo mwenyewe na kuipata. Mwenzake, Edward Wright, naye aliipata kwa njia yake, akaichapisha mnamo 1599. Sifa zikamwendea Wright.

Safari ya Roanoke

Mnamo 1584, manahodha wa Raleigh walirejea kutoka pwani ya Amerika Kaskazini, katika eneo ambalo leo ni jimbo la North Carolina nchini Marekani. Walikuwa wameandamana na wenyeji wawili, Manteo na Wanchese. Harriot alikaa nao London, akajifunza lugha yao na kubuni herufi maalumu za kuiandika, kwa kuwa alfabeti ya Kiingereza haikutosha kuwakilisha sauti zake.

Mwezi wa Aprili 1585 alipanda meli Plymouth katika msafara ulioongozwa na Sir Richard Grenville. Kundi la wanaume wapatao 100 liliachwa katika kisiwa cha Roanoke chini ya gavana Ralph Lane. Harriot na mchoraji John White walipewa jukumu la kupima nchi, kuchora ramani na kuorodhesha mimea, wanyama na desturi za wakazi.

Kwa kuwa alielewa lugha yao, Harriot aliweza kuketi na wenyeji na kuwauliza kuhusu ibada zao, kilimo chao cha mahindi na mbinu zao za uvuvi. Ni Waingereza wachache sana wa kizazi chake walioweza kufanya hivyo.

Lakini wageni wale hawakuwa na chakula cha kutosha. Waliwategemea wenyeji, na wenyeji walipochoka kuwalisha, uhasama ukazuka. Mnamo Juni 1586, watu wa Lane walimuua kiongozi wa wenyeji aliyeitwa Wingina.

Isitoshe, vijiji vingi ambavyo Waingereza walipitia vilikumbwa na maradhi ambayo miili ya wenyeji haikuwa imeyazoea. Watu walikufa kwa wingi katika muda wa siku chache. Harriot aliandika kwamba baadhi ya wenyeji waliamini wageni walikuwa wakiwapiga kwa risasi zisizoonekana. Alikiri pia, kwa maneno ya tahadhari, kwamba baadhi ya wenzake walikuwa wakali kupita kiasi.

Baadaye mwezi huo, Sir Francis Drake alifika na meli zake. Dhoruba kali ilipopiga, Lane aliamua kuwarudisha watu wake nyumbani. Katika pilkapilka za kuondoka, mabaharia walizitupa baharini ramani, vitabu na maandishi mengi ya msafara. Sehemu kubwa ya kazi ya mwaka mzima ikaishia vilindini.

Kwa yale aliyoyaokoa, Harriot alichapisha taarifa yake kuhusu nchi hiyo mnamo 1588. Miaka miwili baadaye, Theodor de Bry aliitoa upya katika lugha nne mjini Frankfurt, ikiwa na picha zilizotokana na michoro ya White. Wasomi wa Ulaya waliitegemea kwa miaka mingi kuwafahamu watu wa Amerika. Hicho ndicho kitabu pekee ambacho Harriot alikitoa akiwa hai.

Katika kurasa zake aliisifu tumbaku kuwa dawa ya mwili. Yeye mwenyewe aliizoea huko Amerika na akarudi nyumbani akiwa mvutaji wa kiko. Sifa hizo alikuja kuzilipia kwa gharama kubwa.

Miaka ya utulivu na ugunduzi

Katika miaka ya 1590, Harriot alipata mfadhili wa pili. Huyu alikuwa Henry Percy, mwenye cheo cha Earl wa Northumberland, tajiri aliyependa vitabu na majaribio ya kisayansi kiasi kwamba watu walimwita mchawi. Percy alimpa malipo ya kila mwaka na makao katika Syon House, jumba lililo kando ya mto Thames, magharibi ya London. Hakumdai kazi yoyote mahususi.

Hapo ndipo akili ya Harriot ilipochanua. Raleigh alikuwa amemtaka atafute njia ya kujua idadi ya mizinga ya duara, yaani yale matufe ya chuma yaliyorushwa kwa mizinga ya vita, kwa kuangalia tu umbo la lundo lake melini. Harriot alimtengenezea jedwali, kisha akaendelea kuwaza jinsi matufe yanavyoweza kupangwa yakabanana kabisa.

Baadaye aliandikiana na Johannes Kepler, mwanahisabati wa mfalme mkuu aliyekuwa Prague, kuhusu chembe ndogo zinazounda vitu. Mnamo 1611 Kepler alidai kwamba hakuna mpango unaobana matufe zaidi ya ule ambao wachuuzi wa machungwa huutumia sokoni. Dai hilo lilionekana jepesi, lakini uthibitisho wake ulitangazwa na Thomas Hales wa Marekani mnamo 1998, na uhakiki kamili kwa kompyuta ukamalizika mnamo 2014.

Karibu mwaka wa 1602, Harriot alitatua fumbo lililowasumbua wataalamu kwa karne nyingi. Fimbo ikitumbukizwa majini huonekana kama imevunjika, kwa sababu mwanga hupinda unapotoka kwenye maji na kuingia hewani. Je, hupinda kwa kiasi gani? Harriot alipima kwa uangalifu mkubwa na kugundua kuwa uwiano kati ya saini za pembe mbili za mwale, upande wa hewa na upande wa maji, haubadiliki kamwe.

Ikumbukwe kwamba Ibn Sahl wa Baghdad alikuwa ameiandika kanuni iyo hiyo mnamo 984, lakini maandishi yake hayakujulikana kwa wataalamu wa Ulaya wa wakati huo. Snell aliifikia mnamo 1621, na René Descartes wa Ufaransa akaichapisha mnamo 1637.

Kepler alimwandikia Harriot mnamo 1606 akiomba msaada kuhusu suala hilohilo. Harriot alimpelekea vipimo vya vimiminika mbalimbali, lakini kanuni yenyewe akabaki nayo. Kepler alipochapisha kitabu chake kuhusu lenzi mnamo 1611, ilimbidi atumie makadirio yanayofaa kwa pembe ndogo tu.

Mnamo 1603, Harriot alipata pia njia ya kukokotoa eneo la pembetatu iliyochorwa juu ya tufe. Pembe za pembetatu kama hiyo hujumlisha zaidi ya nyuzi 180, na ziada hiyo ndiyo inayotoa eneo lake. Ugunduzi huo nao ulikaa kimya hadi Albert Girard alipouchapisha wake mnamo 1629.

Kivuli cha gereza

Ili kuelewa ukimya huo, ni lazima kutazama yaliyowapata watu waliomlinda Harriot. Malkia Elizabeth aliaga dunia mnamo 1603 na Mfalme James I akatwaa kiti. Mwaka huohuo Raleigh alishtakiwa kwa uhaini na kuhukumiwa kifo, ingawa adhabu hiyo iliahirishwa na akafungwa katika ngome ya Tower of London. Wakati wa kesi, jaji mkuu alilitaja jina la Harriot kwa ubaya, kama mtu anayepotosha imani ya wengine.

Tuhuma za kumkana Mungu hazikuwa mzaha enzi hizo. Mtu angeweza kupoteza mali, uhuru au maisha.

Miaka miwili baadaye mambo yaliharibika zaidi. Mnamo Novemba 5, 1605, njama ya kulipua Bunge kwa baruti iligunduliwa London. Mmoja wa wahusika wakuu alikuwa Thomas Percy, jamaa ya mfadhili wa Harriot, na siku moja kabla ya hapo alikuwa amekula chakula Syon House. Henry Percy alikamatwa, akatozwa faini ya pauni 30,000, na akazuiliwa katika Tower of London hadi 1621.

Harriot naye alitiwa ndani, katika gereza la Gatehouse. Wachunguzi walitaka kujua iwapo alikuwa amepiga falaki kuhusu nyota ya mfalme. Akiwa kizuizini, mgonjwa na mwenye hofu, aliwaandikia wakuu wa serikali akijitetea kwamba hakuwahi kujiingiza katika siasa, na kwamba alichokipenda ni masomo tu. Hatimaye aliachiliwa.

Mnamo 1608 alimdokezea Kepler kwa barua kwamba katika nchi yake hali haikumruhusu kufikiri na kusema kwa uhuru. Mtu aliyewaona wafadhili wake wote wawili wakiingia katika gereza moja alikuwa na sababu ya kuuchunga ulimi wake na kalamu yake.

Darubini yaelekezwa mbinguni

Habari za darubini zilianza kuenea kutoka Uholanzi mnamo 1608. Harriot alijipatia moja iliyokuza vitu mara sita, na mnamo Julai 26, 1609, kwa kalenda ya Uingereza ya wakati huo, akauelekezea mwezi na kuuchora. Mchoro huo, wenye tarehe yake, ungalipo. Galileo alianza michoro yake ya mwezi takriban miezi minne baadaye.

Mgala muue na haki yake mpe. Mchoro wa kwanza wa Harriot haukuonyesha zaidi ya mstari uliopindapinda kati ya giza na nuru. Galileo, aliyekuwa na jicho la mchoraji, alitambua kwamba vivuli vile vilikuwa vya milima na mabonde, akakadiria urefu wa milima hiyo, na Machi 1610 kitabu chake kikawa mikononi mwa wasomaji. Galileo aliona, akaeleza, akatangaza. Harriot aliona na kuandika, kisha akafunga daftari.

Hata hivyo, hakuacha kutazama. Alichora ramani ya mwezi mzima, akazifuatilia nyota ndogo zinazoizunguka sayari ya Jupita, na kuanzia Desemba 1610 hadi mapema 1613 akachora madoa ya jua katika michoro ipatayo 200. Katika karne ya 20, wataalamu waliitumia michoro hiyo kukokotoa mwendo wa jua linapojizungusha.

Rafiki yake Sir William Lower, aliyekuwa akitazama anga kutoka Wales, alimwandikia mnamo 1610 akimlaumu kwa upole. Alimkumbusha kwamba watu wengine walikuwa wakivuna heshima kwa mambo ambayo yeye alikuwa ameyapata zamani, na akamsihi asiiache nchi yake ikose sifa hiyo. Harriot hakubadilika.

Lugha mpya ya aljebra

Wataalamu wengi wa leo wanakubali kwamba kazi yake kubwa zaidi ilikuwa katika aljebra. Kabla yake, milinganyo iliandikwa kwa maneno mengi, hata na bingwa kama François Viète wa Ufaransa. Harriot aliyaondoa maneno. Alitumia herufi ndogo kwa nambari zisizojulikana, akaweka herufi mbili bega kwa bega kumaanisha kuzidisha, na akatumia alama ya usawa iliyokuwa imeanzishwa na Robert Recorde mnamo 1557. Ukurasa wake unaweza kusomwa na mwanafunzi wa sekondari wa leo bila taabu nyingi.

Alionyesha pia kwamba mlinganyo mrefu unaweza kujengwa kwa kuzidisha sehemu ndogondogo, na kwamba kila sehemu hubeba jibu lake. Katika daftari zake hakuogopa majibu hasi, wala yale ya ajabu yanayotokana na vipeo vya pili vya nambari hasi, ambayo wengi waliyakataa.

Wasia na makaratasi

Uvimbe ulianza kumsumbua puani, na kufikia 1615 alikuwa akitibiwa na Theodore de Mayerne, daktari wa mfalme. Ilikuwa saratani, na wengi tangu hapo wameihusisha na tumbaku aliyoivuta kwa miaka 30. Mnamo Oktoba 29, 1618, akiwa mgonjwa, alishuhudia Raleigh akikatwa kichwa, na akaandika kwa ufupi mambo ambayo bwana wake wa zamani aliyasema jukwaani.

Harriot aliaga dunia mnamo Julai 2, 1621, mjini London, nyumbani mwa Thomas Buckner, mwenzake wa tangu safari ya Roanoke. Siku tatu kabla, alikuwa ameandika wasia. Humo alimwomba rafiki yake Nathaniel Torporley ayapitie makaratasi yake, atenge yaliyo muhimu na yasiyo na maana, ili yafaayo yachapishwe. Mwezi huohuo Henry Percy aliachiliwa kutoka gerezani. Walipishana kwa siku chache tu.

Torporley hakuikamilisha kazi hiyo. Walter Warner ndiye aliyetoa kitabu cha 1631, Artis Analyticae Praxis, lakini aliacha nje mambo mazito zaidi, yakiwemo yale majibu hasi. Hata zile alama za kubwa na ndogo zilichapishwa kwa umbo tofauti kidogo na alivyoziandika Harriot. Ulimwengu ukampima kwa kitabu kilichopunguzwa.

Makaratasi mengine yalitoweka machoni pa watu hadi 1784, mtaalamu wa nyota Franz Xaver von Zach alipoyakuta katika Petworth House, jumba la warithi wa Percy, yakiwa yamechanganyika na hesabu za zizi la farasi. Chuo Kikuu cha Oxford kilipewa fursa ya kuyachapisha lakini kikaona hayakufaa, kwa kuwa yalikuwa yametawanyika bila mpangilio. Maelfu ya kurasa hizo sasa yamo katika Maktaba ya Uingereza jijini London, na nyingine zimebaki Petworth. Ni katika karne ya 21 tu ambapo maandishi yake makuu ya aljebra yalihaririwa ipasavyo, na picha za kurasa zake kuwekwa kwenye intaneti.

Kanisa la St Christopher le Stocks alimozikwa liliungua katika moto mkubwa wa London wa 1666, na baadaye mahali hapo pakajengwa Benki Kuu ya Uingereza. Kibao chenye jina lake kimewekwa ndani ya jengo hilo, na shimo moja kubwa upande wa mwezi usioonekana kutoka duniani limepewa jina lake.

Je, Harriot alinyamaza kwa woga, kwa maradhi, au kwa tabia ya kutoridhika na kazi yake mwenyewe? Huenda yote matatu yalichangia. Kilicho wazi ni hasara. Kepler aliendelea kukadiria kitu ambacho jibu lake kamili lilikuwa Syon House, na wanahisabati walirudia kwa jasho jingi njia ambayo mwenzao alikuwa ameshaifyeka. Elimu ya Harriot haikuoza, ila ilipofunguliwa sanduku, wale walioihitaji walikuwa wameshakufa.